Chanjo Moja, Virusi vya Aina Nyingi
Mazungumzo kwa akina mama wa vyama vya msingi



Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Inakadiriwa kuwa mwaka 2020 iliwapata wanawake wapatao 10,000, na zaidi ya 6,000 walifariki. Huwashika wengi katika umri ambao mama bado analima, analea na kushika kazi za chama.

Chanzo chake ni virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Aina zake zapita 200, lakini 12 tu ndizo zilizothibitishwa kuleta saratani. Mwaka 1983 na 1984, Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani walitambua aina ya 16 na ya 18. Hizo mbili huleta takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani, Afrika ikiwemo.

Aina zilizosalia hazikuenea sawasawa. Katika Asia ya Mashariki, aina ya 52 na ya 58 huonekana zaidi. Katika Afrika kusini mwa Sahara, aina ya 35 hukutwa katika saratani hii mara nyingi kuliko katika mabara mengine. Chanjo pana iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014 hukinga aina za 16, 18, 31, 33, 45, 52 na 58. Aina ya 35 haimo.

Je, mzazi aikatae chanjo kwa sababu hiyo? La hasha. Mkulima wa pamba haachi kupuliza dawa ya funza wa vitumba kwa kuwa haiui kila mdudu. Wala akishapuliza haachi kukagua shamba. Katika utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 97 ya maambukizo mapya ya aina ya 16 na ya 18 kwa miezi 18. Tanzania ilianza kutoa chanjo nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja.

Ukaguzi wa shamba ndio uchunguzi. Mwanamke aliyefikia miaka 30 hana budi kuchunguzwa, na anayeishi na virusi vya UKIMWI aanze akiwa na miaka 25. Mhudumu hupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi. Sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe, nayo huweza kutibiwa kabla haijawa saratani. Aliyechanjwa naye asijione amesamehewa, kwani aina zisizomo katika chanjo zingalipo.

Hivyo, kamati za vyama zinaombwa kulijadili jambo hili katika mikutano ya wanachama, akina baba wakiwepo, na kupatana na zahanati siku ya uchunguzi isiyogongana na mavuno. Binti apate chanjo, na mama apate uchunguzi. Moja haliondoi lingine.