Pasipoti Huanzia Nyumbani: Maandalizi ya Msafiri wa Nachingwea na Ruangwa

Mada kwa semina ya vijana na wanaushirika, Mtua

1. Utangulizi

Korosho ikishauzwa kwenye minada ya chama kikuu cha ushirika RUNALI na fedha zikaingia, mipango ya safari huanza. Huyu anawaza Hija, yule matibabu India, kijana naye ana barua ya chuo cha nje. Wengi hukwama kwenye karatasi. Hoja yangu ni moja: sehemu ngumu ya kupata pasipoti hufanyika kabla ya kufika Uhamiaji.

2. Utaratibu

Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ilizinduliwa nchini Januari 2018. Ya mtu mzima hudumu miaka 10. Ilipoanza, ada iliwekwa shilingi 150,000: 20,000 za fomu na 130,000 za pasipoti yenyewe. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, hulipa kwa kontroo namba, huchapa fomu na kuipeleka Uhamiaji, kwetu ikiwa ofisi ya mkoa, Lindi mjini. Huambatisha kitambulisho cha NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, cheti au kiapo cha kuzaliwa cha mzazi, na uthibitisho wa safari. Lazima aende mwenyewe. Alama za vidole hazitumwi kwa mtu.

3. Vikwazo vyetu

(a) Majina. NIDA imeandika Selemani, cheti cha shule Suleiman, na cheti cha kuzaliwa kimeacha jina la babu. Kijijini huyo ni mtu mmoja. Mezani kwa afisa ni watu watatu.

(b) Vyeti. Wengi tulizaliwa nyumbani, na wazazi wetu hawakuwahi kusajiliwa. Mlango upo: RITA, wakala wa usajili wa vizazi, husajili waliochelewa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa vielelezo kama cheti cha ubatizo au cha kumaliza shule ya msingi. Kwa mzazi asiye na cheti, kiapo huapwa mbele ya wakili au hakimu.

(c) Vishoka. Anayekuahidi pasipoti ya haraka kwa taarifa za kubuni anakuuzia kesi. Sheria ya Pasipoti ya mwaka 2002 inaadhibu uongo kwenye maombi, na anayetia sahihi ni wewe.

(d) Mazoea ya mpakani. Tuna ndugu Msumbiji, lakini kuvuka Ruvuma bila hati ya kusafiria ni kosa.

4. Mapendekezo

- Vyama vya msingi viwakumbushe wanachama kuhusu vyeti wakati wa malipo, fedha zikiwa bado mkononi.
- Watendaji wa vijiji wahimize usajili wa mtoto mapema, kabla cheti hakijahitajika kwa haraka.
- Mwenye pasipoti aangalie tarehe ya mwisho. Nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 mbele.

5. Hitimisho

Tusingoje barua ya chuo au tarehe ya hospitali. Kila mmoja wetu atoe vyeti vyake leo, avilinganishe herufi kwa herufi, na palipo na kasoro aanze kurekebisha wiki hii.