Kode yako usimpe mtu: maneno yetu kwa vijana juu ya wezi wa simu



Leo hatuongei juu ya barabara wala juu ya maji. Tunaongea juu ya simu iliyo mfukoni mwako. Tangu benki zilipofunga milango Goma mwisho wa Januari 2025, mshahara, makuta ya masomo, dawa ya mama na msaada wa ndugu aliye ng'ambo vinapita sana ku simu. Mahali makuta yanapita, mwizi naye anapajua. Na huyu hapigi mlango usiku. Anakuita mchana, kwa heshima, na mara nyingine anajua mpaka jina lako.

Munazijua sauti zake. Ya kwanza: « Alo dada, habari? Hapa ni ku kampuni ya simu. Konti yako iko bloke. Tunakutumia kode sasa hivi, unisomee, usikate. » Ya pili: « Kaka, nilikosea namba, makuta ya mutoto mugonjwa iliingia kwako. Unirudishie, kwa jina ya Mungu. » Ya tatu inatoka kwa namba ya rafiki yako kabisa, ku WhatsApp: « Niko na shida, nitumie dola 50, kesho nakurudishia. » Ya ine inaleta kazi ku ONG, lakini kwanza utume makuta ya dosye.

Sauti ni ine, lakini dawa wanayotumia ni moja: wanakuharakisha. Wanakutia hofu, huruma ao tamaa, ili usipate dakika moja ya kufikiri. Ukipata hiyo dakika, wao wamepoteza.

Na musiseme « mimi nilisoma, hawaniwezi ». Julai 2020, ku Marekani, vijana waliwapigia simu wafanyakazi wa Twitter, wakajifanya watu wa ofisi yao ya kompyuta. Mlango ulifunguliwa na mtu wa ndani juu alimwamini aliyemwita. Siku ile konti za Barack Obama, Joe Biden na Elon Musk ziliwaambia watu watume bitcoin, watarudishiwa mara mbili. Wezi walikusanya zaidi ya dola 100,000. Kama kampuni kubwa vile iliingiliwa kwa simu tu, sisi tunajivunia nini?

Basi tukubaliane mambo haya leo, na kila mmoja ayafikishe nyumbani.

Moja. Kupokea makuta hakuombi kode ya siri. Anayekuambia utie kode ili makuta yaingie, anataka yatoke. 

Mbili. Mesaji si makuta. Kama mtu anasema amekosea namba, angalia kwanza salio lako mwenyewe. Hata ukiyakuta, usirudishe kwa namba anayokupa. Mwambie aende kwa kampuni yake, wao njo wana njia ya kurudisha.

Tatu. Zile namba sita WhatsApp inakutumia ni ufunguo wa konti yako. Hazipewi rafiki, hazipewi mchumba, hazipewi shefu. Leo mbele ya kulala, ingia ku « Paramètres », kisha « Compte », kisha « Vérification en deux étapes », uweke kode yako mwenyewe. Angalia pia « Appareils connectés »: ukiona kompyuta usiyoijua, iondoe.

Ine. Rafiki akiomba makuta kwa maandishi, mwite kwa sauti, kwa simu ya kawaida. Usione haya. Rafiki wa kweli hatakasirika juu umetaka kusikia sauti yake.

Tano. Umoja wa Mataifa wenyewe unasema wazi kwamba hauombi makuta hata kidogo kwa mtu anayetafuta kazi kwao. Ukiombwa makuta ya dosye kwa jina lao, ni mwizi.

Na kama wamekwisha kukuibia? Kimbia. Ita kampuni yako ya simu ili wafunge konti mbele makuta hayajatolewa ku kabine. Kama ni WhatsApp, ingiza tena namba yako na kode mpya itakayokuja kwa mesaji: mwizi anatolewa palepale. Kama aliweka kode yake ya pili, utangoja siku 7, lakini yeye hayuko tena ndani. Wakati huo, waambie watu wako wote. Weka mesaji na namba zote, usifute kitu. Inchi yetu ina Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023, na udanganyifu wa namna hii ni kosa mbele ya sheria.

Jambo la mwisho, na kwetu njo kubwa. Konti yako haina makuta yako peke yake. Ina majina ya wenzako, picha zao, mahali wanapolala, maneno waliyokuambia kwa siri. Katika miji yetu, leo, hiyo inaweza kumweka mtu katika hatari. Ukitoa kode yako, umetoa na wao.

Kwa hiyo tuache kuwacheka walioibiwa. Mama anayeuza ndizi, akipoteza mtaji wake kisha mtaa mzima ukamwita mjinga, atanyamaza. Akinyamaza, kesho mwizi anamwita jirani yake kwa maneno yaleyale. Akisema, mtaa mzima umepona.

Jioni hii, kila mmoja wetu akamate simu ya mama, ya baba, ya mdogo wake, aketi naye dakika kumi, amuonyeshe. Hatuna silaha. Tuna watu wetu, na imani tunayopeana. Hiyo imani tusimwachie mwizi.

Mulinde wenzenu.