SONGWA INATUFUNZA NINI JUU YA MAJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama. Tunaichapa kamili kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya maji. Najua wengi wenu mmekuja mkitaraji kusikia lawama, na lawama zipo, nami sitazificha. Lakini chama kinachotaka kukabidhiwa nchi hakiwezi kuishi kwa lawama peke yake, kama vile mtu hawezi kuishi kwa pilipili. Yatupasa tuwe na rai yetu, tena rai iliyopimwa. Kwa hivyo nitakutoeni hapa visiwani kwa muda, nikupelekeni bara, mahali paitwapo Songwa, kisha nikurudisheni nyumbani.

Songwa ni kata katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Nchi ile ni tambarare, na udongo wake mwingi ni mweusi, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kutoka mwezi wa Novemba mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 600 hadi 900. Mito yake hufurika siku chache kisha ikabaki mchanga mtupu. Maji ya chini ya ardhi nayo, sehemu nyingi ni ya chumvi, au yana floraidi inayotia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa. Tangu zamani mama wa Kisukuma alijua kufukua mchanga wa mto kwa kibuyu, akangoja maji yajikusanye tone kwa tone.

Basi katika nchi hiyo yenye kiu, mwaka 1940, mjuzi wa miamba kutoka Canada, Dr. John Williamson, aligundua almasi mahali paitwapo Mwadui, jirani na Songwa. Sasa fahamuni jambo moja: almasi haipatikani bila ya maji. Udongo huchimbwa, ukasagwa, ukaoshwa, mpaka mawe mazito yabaki na mepesi yaondoke. Kwa hivyo maji yalitafutwa, na bwawa la Songwa likawa ndilo la kuunywesha mgodi ule na mji wake. Ndani ya ua wa Mwadui palikuwa na hospitali, skuli, uwanja wa ndege na nyumba zenye mifereji. Mwaka 1947 jiwe la rangi ya waridi kutoka huko, lenye uzito wa karati 54.5, lilitolewa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Na nje ya ua? Nje ya ua watu waliendelea na malambo yao na mchanga wao wa mto.

Hili ndilo funzo la kwanza. Mvua iliyonyesha Songwa ilinyesha kwa wote: juu ya ua na nje ya ua, juu ya tajiri na juu ya mchunga ng'ombe. Mungu hakubagua. Aliyebagua ni ukuta wa bwawa, kwani mwenye ukuta ndiye mwenye maji. Mahali ambapo mvua ni ya miezi michache, swali la siasa si mvua imenyesha kiasi gani. Swali ni nani aliyeiweka akiba, na ameiweka kwa ajili ya nani.

Mtasema hayo ni mambo ya wakati wa Mwingereza. Natazama mbele basi. Mwaka 1971 Serikali ya Tanzania, kwa upande wa bara, ilianzisha mpango wa miaka 20 uliokusudia kwamba kila mwanakijiji apate maji safi yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ulifika, na lengo halikufikiwa. Mashine nyingi zilifungwa vijijini kwa sherehe, kisha zikanyamaza kwa kukosa mafuta, au kipuri, au fundi. Madhumuni yalikuwa mema, tusiyadharau. Lakini mashine haiendi kwa madhumuni.

Wakati huo Ziwa Victoria lilikuwa pale pale, na watu wa Shinyanga walikuwa wakiuliza kwa nini wasiyanywe maji yake. Hapo pana khabari ya kuwahusu nyinyi mnaopenda mambo ya uhuru. Mwaka 1929 Uingereza iliafikiana na Misri kwamba katika nchi zilizokuwa chini yake pasijengwe kitu katika Mto Nile wala katika maziwa yake, kitakachopunguza maji yaendayo Misri, bila ya ridhaa ya Misri. Msukuma hakuulizwa. Mwaka 1962 Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kwamba mapatano yale hayaifungi Tanganyika huru. Yalikuwa maneno ya kiume. Lakini kutoka neno lile mpaka bomba ilipita zaidi ya miaka 40. Mradi wa kuyatoa maji ya ziwa Ihelele, katika Wilaya ya Misungwi, na kuyafikisha Kahama na Shinyanga, ulifunguliwa mwaka 2009. Na mapatano mapya ya nchi za Nile, yaliyotiwa sahihi Entebbe mwaka 2010, yameanza kutumika Oktoba 2024.

Lakini sikilizeni tena. Mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, katika nchi ya Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001, na maji yake uliyavuta kutoka ziwa lile lile kwa bomba. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, nao pia ulikunywa ziwani. Kwa hivyo dhahabu iliyapata maji ya Ziwa Victoria miaka minane kabla ya watu wa mji wa Kahama. Sisemi haya kwa kuwachukia wenye migodi. Wao walitaka maji, wakalipa, wakayavuta. Nasema kwa sababu yanaonyesha kwamba bomba lile liliwezekana siku zote. Kilichokosekana si ujuzi wala si ziwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuwatanguliza raia.

Mradi wa Ihelele wenyewe ni kazi kubwa, na haki yake tuitaje. Maji husafishwa, yakasukumwa kwa mashine za umeme mpaka kilima cha Mabale, na kutoka huko huteremka kwa uzito wake. Mitambo yake ilijengwa kutoa lita milioni 80 kwa siku. Mamlaka yake, iitwayo KASHWASA, huyauza kwa jumla kwa mamlaka za miji, nazo huyauza rejareja kwa watu. Kufika mwaka 2021 bomba limerefushwa hata Nzega, Igunga na Tabora. Mji wa Shinyanga, uliokuwa ukitegemea bwawa la Ning'hwa, umepata nafuu ya dhahiri.

Funzo la pili ni hili: maji yatokayo mbali hayaji peke yake. Huja na ankara ya umeme, na dawa ya kusafishia, na mabomba yanayovuja, na mishahara. Ukiyavuta kutoka mbali umejifunga. Siku umeme ukikatika Ihelele, kiu huwa Shinyanga. Kwa hivyo mwenye busara hulitunza lambo lake hata baada ya kupata mfereji. Na Songwa haikuacha kuwa na haja na bwawa lake kwa kuwa bomba limefika Shinyanga.

Na lisilotunzwa hulipiza. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na maji pamoja na matope yakamwagika katika vijiji vya jirani, yakafunika nyumba na mashamba. Hakuna aliyeripotiwa kufa, na tumshukuru Mungu. Lakini ardhi ya mkulima iliyolala chini ya tope haijui kushukuru. Huko Geita nako, wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, na zebaki ikishaingia katika kijito haina wa kuitoa. Kuhifadhi maji si kuyapunguza kutumia tu. Ni kuyakinga na sumu pia.

Funzo la tatu ndilo ninalolipenda zaidi. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa kuiendeleza Usukuma. Ulichimba malambo na mabwawa mengi, na hilo lilikuwa jema. Lakini pamoja na malambo zilikuja amri: uza ng'ombe kadha kila mwaka, lima matuta namna hii, usipofanya utapigwa faini. Watu walikataa. Mwaka 1954 matawi ya TANU yalikatazwa kule, na mwaka 1958 Geita ilichemka. Amri zikashindwa, na nchi ikazidi kuwa kipara, maana miti mingi ilikuwa imekwisha kukatwa, mingine kwa ajili ya kuwafukuza mbung'o.

Kisha mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Safari hii wataalamu walijifunza kwa wenyeji. Wasukuma wana desturi yao ya zamani iitwayo ngitili: sehemu ya malisho hufungwa wakati wa mvua, majani na miti ikapumua, kisha hufunguliwa kiangazi ng'ombe wakala. Mwenye ngitili ni mwenye nyumba au kijiji, na sheria yake ni ya wazee wao. Mpaka miaka ya mwanzo ya karne hii, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa katika ngitili. Nchi ni ile ile, watu ni wale wale, ng'ombe ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza waliamriwa, na mara ya pili mali ilikuwa yao.

Sasa narudi nyumbani. Baina ya hesabu ya watu ya 2012 na ya 2022, Mkoa wa Shinyanga ulitoka watu 1,534,808 ukafika 2,241,299, na Geita ikapanda kutoka 1,739,530 mpaka 2,977,608. Sisi Zanzibar tulitoka 1,303,569 tukafika 1,889,773. Maana yake tumeongezeka takriban kwa kadiri moja na Shinyanga. Lakini Shinyanga ina ziwa la kukimbilia. Sisi tumezungukwa na maji yasiyonyweka. Hatuna Ihelele. Tuna mvua, karibu maradufu ya ile ya Shinyanga, na tuna maji matamu yaliyolala chini ya ardhi yetu juu ya maji ya chumvi. Ukiyavuta kwa pupa karibu na pwani, chumvi hupanda, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi upesi.

Seyyid Barghash, aliyetawala kutoka 1870 mpaka 1888, aliyaleta maji ya chemchem mjini kwa mabomba. Chemchem zile za upande wa Bububu na Mwanyanya zinalindwa na msitu wa Masingini. Huo, ndugu zangu, ndio ngitili yetu. Kila kiwanja kinachomegwa pale, awe nani aliyekimega, ni tundu katika mtungi wa mji mzima.

Hapa nitasema neno ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kwa miaka mingi baada ya 1964 maji yalikuwa bure. Mwaka 2006 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Maji, na malipo yakafuata. Nasikia katika barza zetu ikisemwa kwamba chama chetu kikishinda, maji yatakuwa bure tena, maana maji ni ya Mungu. Ni kweli maji ni ya Mungu. Lakini bomba si la Mungu, wala umeme wa kuyavuta. Tukiahidi maji ya bure tutakuwa tunaahidi mifereji mikavu, na maskini atanunua dumu kwa mchukuzi kwa bei kubwa kuliko ya mfereji. Mimi nakushaurini tusiahidi hilo.

Tudai badala yake mambo manne. Kwanza, vitabu vya maji vifunguliwe: kila kisima kilichochimbwa, kiwe cha raia, cha hoteli au cha mkubwa, kiandikwe, na kiasi kinachovutwa kitangazwe kila mwaka. Pili, anayevuta kwa starehe alipe zaidi ya anayevuta kwa kunywa, na ndoo za mwanzo za kila nyumba ziwe za bei ambayo mjane aweza. Tatu, kila skuli, msikiti, kanisa na jengo la serikali livune mvua ya paa lake, maana tunaiacha ikimbilie baharini nasi tunakwenda foleni. Nne, kila shehia yenye chemchem au kisima iwe na kamati iliyochaguliwa na watu wake, na wanawake wasikose humo, kwa sababu ndio wanaojua mfereji ulitoka saa ngapi na ulikatika saa ngapi.

Na sisi wenyewe tusingoje uchaguzi. Kila tawi liandike daftari la maji ya mtaa wake: siku yalipotoka, siku yasipotoka, bomba linalovuja na tangu lini. Tukienda mbele ya wakubwa na daftari, hawataweza kutuambia kwamba tunapiga kelele. Na siku tutakapokuwa sisi ndio wakubwa, daftari lile lile litatuhukumu.