Turbini Juu ya Reli na Gesi ya Kivu



Rwanda haina reli. Iliyowahi kutukaribia zaidi hapa Rusizi ni ile ya Kivu, waliyoijenga Wabelgiji kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, ikapanda bondeni hadi Kamanyola, ng'ambo tu ya Bugarama. Ilianza kazi miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafungwa, wakati uleule mitambo ya Rusizi ya Kwanza pale Mururu ilipokuwa inaanza kuzalisha umeme. Leo reli inazungumzwa tena: Isaka hadi Kigali, Uvinza hadi Musongati kwa jirani zetu wa Burundi. Ikizungumzwa, wanafunzi huuliza: ziwa letu la Kivu lina methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60, kwa nini treni isivutwe kwa gesi hiyo, kwa turbini kama ya ndege?

Ni swali zuri, na wenzetu walikwisha kulijaribu kwa fedha nyingi.

Turbini ya gesi hufanya kazi hivi. Kompresa huvuta hewa na kuishindilia. Mafuta hunyunyizwa humo yakawaka. Hewa ya moto hutoka kwa kasi, ikapiga mapanga na kuyazungusha. Lakini mapanga hayohayo ndiyo yanayoiendesha kompresa, na kompresa ina njaa. Kampuni ya Brown Boveri ya Uswisi ilifunga turbini ya kuzalisha umeme mjini Neuchâtel mwaka 1939. Mapanga yalitoa kilowati 15,400. Kompresa ikala 11,400. Mji ukapata 4,000. Miaka miwili baadaye, 1941, kampuni hiyo ikapandisha turbini kwenye reli: kichwa cha treni nambari 1101, nguvu za farasi 2,200, turbini ikizungusha jenereta na jenereta ikilisha mota za magurudumu. Hakikuhitaji makaa wala maji. Kwa waliozoea kichwa cha mvuke, kinachosimama kila mara kunywa maji, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Tatizo ni kwamba njaa ya kompresa haipungui sana treni inapopumzika. Kichwa cha treni hutumia nguvu zake zote kwa muda mfupi tu, kwenye mlima. Muda mwingi kinateremka, kinasubiri mwenzake apite, au kimesimama stesheni kikiunguruma. Injini ya dizeli ikipumzika hula kidogo. Turbini ikipumzika bado inaizungusha kompresa yake, na mafuta yanaendelea kwisha.

Waliofika mbali zaidi ni kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani. Kati ya 1952 na 1961 walinunua vichwa 55 vya aina hii, na vile vya mwisho vilikuwa na nguvu za farasi 8,500. Walifanikiwa kwa sababu mbili. Kwanza, reli yao ya Wyoming ni ndefu, yenye treni nzito za mizigo zinazopanda milima kwa saa nyingi mfululizo, kazi ambayo turbini huipenda. Pili, walichoma mafuta mazito, masalia ya kiwanda cha kusafishia yaliyokuwa yakiuzwa kwa bei ya kutupa. Mafuta hayo yalilazimika kupashwa moto ndani ya tangi ili yatiririke, na yaliyatafuna mapanga. Bei ilipokuwa chini, hasara hiyo ilivumilika. Viwanda vilipogundua namna ya kuyavunja masalia hayo kuwa bidhaa ghali, bei ikapanda na hesabu ikaharibika. Desemba 1969 cha mwisho kikaondolewa kazini.

Ninaomba mtazame vizuri mwisho wa vile vingine. Kile cha Uswisi kiliondolewa turbini na kugeuzwa cha umeme mwaka 1961. Uingereza ilikuwa na nambari 18100, cha nguvu za farasi 3,000. Mwaka 1958 nacho kikageuzwa cha umeme, kikatumika kufundishia madereva. Ufaransa ilijenga treni ya kasi, TGV 001, ya turbini, ikafikia kilomita 318 kwa saa Desemba 1972. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikaruka, na TGV iliyoanza kubeba abiria kati ya Paris na Lyon mwaka 1981 ikawa ya umeme. Nchi tatu, na zote zilibaki na mota zikaachana na turbini. Turbini ya Neuchâtel, iliyokaa chini ya paa lake, ilidumu hadi 2002.

Warusi ndio waliolijaribu hasa swali letu. Kichwa chao GT1-001, cha kilowati 8,300, kilichoma gesi asilia iliyofanywa kimiminika kwa baridi ya nyuzi 160 chini ya sifuri. Januari 2009 kilivuta tani 15,000 kwenye reli ya majaribio karibu na Moscow. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini gesi ya Kivu hutoka ziwani imechanganyika na kabonidayoksaidi nyingi. Ingebidi isafishwe, ifanywe kimiminika, kisha ibebwe. Na hapa tupo mita 1,460 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na turbini inayovuta hewa nyepesi hupungukiwa nguvu. Pale Karongi, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26, unaochoma gesi hiyohiyo, unatumia injini za pistoni, si turbini.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gesi ichomwe ufukweni, umeme upite kwenye nyaya, kama treni za Tanzania zinavyokwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma tangu 2024. Ila tusijidanganye kuhusu ukubwa wa kazi. Rusizi ya Kwanza yote ni kama megawati 30, nazo zinagawanywa kwa nchi tatu. Vichwa vinne vya ukubwa wa kile cha Urusi, vikipanda mlima kwa pamoja, vingeimaliza yote. Rusizi ya Tatu imepangwa kuzidi megawati 200. Ninawataka wahandisi wanaoichora waniambie sasa, kabla zege halijamwagwa, ni kiasi gani cha umeme huo kimetengewa reli.