Choo cha Kwanza cha Mtoto

Leo nakuuliza jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: mtoto wako alipata choo cha kwanza lini? Kile cheusi, kinachonata kama lami.

Mtoto aliyezaliwa miezi ikitimia kwa kawaida hukitoa ndani ya saa 24, na akichelewa sana, saa 48. Akina mama wengi huruhusiwa kwenda nyumbani baada ya siku moja tu, kwa hivyo mara nyingi ni wewe, si muuguzi, utakayeona kwamba hakijatoka.

Kwa nini nakusumbua na mambo ya choo? Utumbo husukuma uchafu kwa amri ya neva zilizo ndani ya kuta zake. Neva hizo hazianzii tumboni. Mimba ikiwa na wiki 4 hivi tangu itungwe, pengine hata hujajua kama una mimba, chembechembe za kutengeneza neva hutoka upande wa nyuma karibu na shingo, zikaingia mwanzo wa utumbo na kuanza kuteremka. Utumbo wenyewe hutoa kemikali inayozivuta, kama ng'ombe wetu wanavyofuata malisho mabichi, nazo huongezeka njiani ili zitoshe safari nzima. Kufikia wiki ya 7 hivi huwa zimefika mwisho, kwenye njia ya haja kubwa.

Kwa mtoto 1 kati ya 5,000 hivi, huishia njiani. Kipande cha mwisho cha utumbo hubaki bila neva, hakilegei, na choo hukwama juu yake. Ugonjwa huu huitwa Hirschsprung, jina la daktari wa Denmark aliyeueleza mwaka wa 1886. Huwapata wavulana zaidi.

Mama mmoja wa hapa Noonkopir aliniletea mwanawe siku ya 5. Tumbo limefura hadi linang'aa, anatapika kijani. Nyumbani walimwingiza kipande cha sabuni, choo kidogo kikatoka, wakadhani amepona. Mama mkwe naye alikuwa ameshamlaumu kwa vyakula alivyokula akiwa mja mzito. Jamani! Safari ile huisha mapema mno, na si mama anayeikatiza.

Dawa yake ni upasuaji. Kipande kisicho na neva huondolewa, na utumbo mzima huvutwa chini ukashonwa. Madaktari wa upasuaji wa watoto wako Kenyatta na Kijabe. Ukichelewa, utumbo huingiwa na maambukizi: mtoto hupata homa na kuhara choo chenye harufu kali, na anaweza kufa. Kuhara huko kusikudanganye kwamba njia imefunguka.

Saa 48 zikipita bila choo, au mtoto akitapika kijani hata kama alipata choo, nenda hospitali usiku huo huo. Usimpe mitishamba wala dawa ya tumbo ya dukani. Beba kijitabu cha kliniki, umwambie daktari mtoto alizaliwa saa ngapi, na kama kile choo cheusi kilitoka.