Tiba Mtandao kwa Watoto Wenye Pumu Baada ya Huduma ya Dharura: Simu na Dawa ya Kukinga Viende Pamoja



Pumu ni ugonjwa sugu wa njia za hewa: huvimba kwa ndani, misuli yake hukaza, na mtoto hukohoa na kubanwa kifua. Tiba mtandao ni huduma ya afya itolewayo kwa simu, video au ujumbe. Haya tunayajua sote. Mada hii inahusu siku zinazofuata mtoto anaporuhusiwa kutoka kitengo cha dharura.

Mtoto akipewa salbutamol, oksijeni na prednisoloni hupata nafuu upesi, na nafuu hiyo hutudanganya. Salbutamol hulegeza misuli kwa saa chache tu. Uvimbe wenyewe hudhibitiwa na dawa ya kukinga, yaani steroidi ya kuvuta kama beklometasoni au budesonidi, inayotumiwa kila siku hata mtoto anapoonekana mzima. Budesonidi imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hata hivyo, bila kukilaumu kituo chochote, ni lazima tuseme wazi kwamba watoto wengi huruhusiwa wakiwa na inhela ya bluu, yaani ya salbutamol, peke yake. Mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA unataka mtoto aonwe tena ndani ya siku moja au mbili za kazi. Mzazi anayeishi kwa kibarua hawezi kulipa nauli na kukosa ujira wa siku kwa ajili ya mtoto ambaye tayari anacheza uani. Pengo hilo simu inaweza kuliziba, lakini si simu pekee. Semina baada ya semina tunajadili programu za kompyuta, huku dawa ya kukinga ikibaki suala la mzazi na duka la dawa.

Ushahidi uko upande wa kuunganisha tiba mtandao na dawa ya kukinga. Huko Rochester, jimbo la New York, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusisha watoto 400 wa miaka 3 hadi 10. Kundi moja lilionwa na daktari kwa tiba mtandao shuleni na kupewa dawa ya kukinga chini ya usimamizi kila siku ya masomo. Waliofika dharura au kulazwa kwa pumu walikuwa asilimia 7, dhidi ya 15 katika kundi la kulinganisha. Video ilirekebisha tiba. Usimamizi ulihakikisha dawa inaingia kifuani.

Itasemwa kwamba shule zetu nyingi hazina wauguzi. Ni kweli, lakini bibi au dada mkubwa aliyeelekezwa vizuri anaweza kusimamia dozi nyumbani. Itasemwa pia kwamba kifua hakipimwi kwa simu. Hatuiombi simu ipime kifua, bali iulize: ameamka usiku mara ngapi kwa kikohozi? Inhela ya bluu imetumika mara ngapi? Dawa ya kukinga ipo? Maswali hayo hayahitaji simu janja. Mtoto anayeshindwa kumaliza sentensi au ambaye mbavu zinaingia ndani arudishwe hospitali mara moja. Kuhusu gharama, utafiti wa Cape Town wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitengenezwa ipasavyo, hufanya kazi sawa na spesa ya kiwandani, yaani chombo kinachounganishwa na inhela ili dawa ifike kifuani.

Napendekeza:

1. Mtoto anayestahili dawa ya kukinga asiruhusiwe bila kuwa nayo mkononi.
2. Miadi ya simu ipangwe kabla hajaondoka, na namba ya mlezi ihakikiwe.
3. Muuguzi apige ndani ya siku mbili, kisha baada ya wiki nne.
4. Kila familia ifundishwe kutumia spesa, hata ya chupa.
5. Mlezi mmoja atajwe kuwa msimamizi wa dozi.
6. Taarifa za simu zilindwe kwa mujibu wa sheria.
7. Bajeti ya tiba mtandao ijumuishe dawa ya kukinga.

Pendekezo la saba linarudia la kwanza kwa makusudi. Fedha zikitosha jambo moja tu, zinunue dawa kwanza. Simu za kawaida tunazo tayari.