Posho ya Mkimbizi, Faida ya Mwajiri

Pale Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, kibarua cha kutwa huitwa leja leja: unalima shamba la mtu, jua likishuka unapokea chako, kesho unaanza kutafuta upya. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, na hilo si dogo. Lakini ruhusa haijazi sufuria. Mwaka 2024, wataalamu waliokutana katika Shirika la Kazi Duniani waliafikiana kwamba ujira wa kuishi ni ule unaomwezesha mfanyakazi na familia yake kuishi kwa staha, kwa saa za kawaida za kazi. Neno zito hapo ni familia. Mwenye shamba huhesabu mikono miwili iliyoshika jembe. Wanaongoja jikoni hawamhusu.

Utasikia wakisema mkimbizi ana posho na kipande cha ardhi, basi kidogo kinamtosha. Ikiwa chakula cha msaada ndicho kinachoziba pengo la ujira, basi mfadhili anamlisha mkimbizi na kumpunguzia mwajiri gharama papo hapo. Tena posho yenyewe haitegemeki: Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) liliishusha hadi asilimia 70 ya mgao kamili mwaka 2020, ikafika 60 mwaka 2021, na 2023 wakimbizi wakagawanywa makundi, wengine wakaondolewa kabisa. Ikikatwa, wanaokimbilia leja leja huongezeka, na mwenye shamba hana kinachomsukuma kuongeza malipo. Mwenyeji anayetafuta kibarua hichohicho hushushiwa bei naye, ingawa hajawahi kushika kadi ya posho.

Sheria haijamkinga hata mmoja wao. Kima cha chini cha mshahara Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kilichowekwa 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kukibadili, Rais Museveni akakataa kuutia saini. Wapo wanaoonya kwamba ujira ukipanda kazi zitapotea. Kwa mkulima mwenye migomba michache, nakubali: naye anabangaiza, na ukimdai malipo ya kiwanda atalima mwenyewe. Ila asigeuzwe ngao ya viwanda vya maziwa na mahoteli ya mjini Mbarara. Huko kuna daftari la mishahara, na mkaguzi anaweza kulifungua. Viwango viwekwe kwa kila sekta, vianzie huko, na hesabu yake ifanywe kwa bei ya unga na kodi ya chumba, si kwa urefu wa foleni ya wanaongoja langoni.